Kavutie Nje, Shemeji

Jumapili hiyo mvua yenye theluji ilikuwa ikinyesha Fittja, kitongoji cha wahamiaji pembezoni mwa jiji, tangu asubuhi, na mkahawa wa Wamuyu ulijaa Wakongo waliotoka kanisani wakiwa na njaa na viatu vilivyolowa. Heshima aliketi kwenye meza ya dirishani pamoja na kaka yake mkubwa, Désiré, na wanaume wengine wawili wa jumuiya. Hortense, mke wa Heshima, ndiye aliyekuwa akihudumia siku hiyo. Alipita katikati ya meza na sinia la sambusa na chai, aproni ameifunga juu ya gauni lile lile alilovaa ibadani.

Désiré akatoa pakiti ya sigara mfukoni, akaiweka mezani.

"Kaka, si tutoke kidogo?" Heshima akamwambia. "Hata mimi nina kiu nayo. Tuvute mara moja, turudi."

"Toka wewe."

Tangu mwezi wa sita wa mwaka ule, 2005, sheria ilikataza kuvuta sigara ndani ya mikahawa na baa zote za nchi hii ya Waswidi. Wavutaji wa Fittja walilalamika, wakatukana, kisha wakazoea. Walikuwa wakitoka mmoja mmoja kwenda kusimama ukutani karibu na mapipa ya taka, kola zimepandishwa, wakivuta harakaharaka huku maji ya paa yakiwadondokea mabegani. Heshima alikuwa mmoja wao. Kazi yake ilikuwa kusafisha mabasi kwenye karakana isiyo na milango, kwa hiyo baridi na yeye walikwisha kujuana. Lakini Désiré alikuwa mtu wa miaka karibu sitini, mwenye goti bovu, mwenyekiti wa jumuiya, na ndiye aliyehangaikia makaratasi ya nusu ya watu waliokuwa mle ndani, Heshima na Hortense wakiwamo. Juma lililotangulia alikuwa amesimama pale kwenye mapipa, vijana wakapita wakamwomba sigara. Alipowanyima, mmoja akamwita babu wa takataka. Désiré alirudi ndani, na chai yake hakuimaliza.

Sasa akawasha kiberiti, akavuta, akapuliza moshi juu.

Nyuma ya kaunta Wamuyu aliuona ule moshi kabla haujafika dari. Alikuwa Mkenya wa makamo, mjane, na mkahawa ule ndio uliokuwa mume wake wa pili. Siku chache nyuma mkaguzi wa manispaa alikuja, akanusa, akamwambia waziwazi: mteja akivuta, mwenye mahali ndiye anayepaswa kumkataza, na akikaidi amtoe. Akikuta moshi tena, kuna faini, na kibali cha kuuza bia kitaangaliwa upya.

"Mzee wenu akivuta, mimi ndio nitashtakiwa, si yeye," Wamuyu alimnong'oneza Hortense. "Mimi akiniona ni Mkenya tu, atanitukana. Wewe ni mtu wao. Enda umwambie."

Hortense akafuta mikono kwenye aproni, akaenda.

"Shemeji, samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Humu hatuvuti. Kavutie nje, shemeji. Chai yako nitaifunika isipoe."

Désiré aliwageukia wale wanaume wawili. "Mnasikia? Mke wa mdogo wangu ananifukuza mezani."

"Sikufukuzi. Ni sheria. Ingekuwa nyumbani kwangu, kiberiti ningekuletea mwenyewe."

"Sheria ya nani?"

"Ya hapa."

"Na hapa mlifikaje?"

Watu wa meza za jirani walikuwa wameacha kutafuna. Hortense akamtazama mumewe. Hakumkonyeza wala hakumtaja jina. Alimtazama tu, na kila mtu alijua anaomba nini. Neno moja lingetosha. Heshima alikuwa nalo mdomoni, lilikuwa tayari kabisa. Akainamisha kichwa, akatazama chai yake.

Basi Hortense akanyoosha mkono, akaichomoa sigara kati ya vidole vya shemeji yake, akaitumbukiza kwenye bilauri ya chai. Ikalia *chii*. Huko nyuma mtu mmoja akacheka, mwanamke, na kicheko chake kikakatika katikati.

Désiré aliinuka na bilauri ileile mkononi. Hakuitupa. Alimpiga nayo usoni, nayo ikapasukia kwenye mfupa chini ya jicho la kushoto, na kwa kile kipande kilichobaki kiganjani akampiga tena palepale. Hortense akashika uso kwa mikono miwili. Damu ilipita katikati ya vidole na kushuka kwenye aproni, ikichanganyika na chai na majani ya tumbaku. Hakupiga kelele. Waliopiga kelele ni wengine.

Heshima akaruka kutoka kitini.

"Keti!" Désiré akamwambia.

Na Heshima akaketi. Haikuwa muda mrefu, pengine pumzi moja, kabla hajainuka tena na kumkimbilia mkewe. Lakini aliketi. Watu waliona, na Hortense aliona kwa lile jicho lililobaki wazi.

*

Hospitalini muuguzi mwenye nywele nyeupe alimsafisha Hortense jeraha, akauliza nini kimetokea.

"Aliteleza," Heshima akasema haraka, kwa Kiswidi. "Sakafu ilikuwa na maji. Alikuwa amebeba bilauri."

Muuguzi hakumtazama. Alimwinamia Hortense na kungoja.

"Hapana," Hortense akasema. Kiswidi chake kilikuwa cha madarasa ya jioni, akakijenga neno kwa neno. "Kaka wa mume wangu. Alinipiga. Mara mbili."

Heshima akatolewa nje ya chumba. Koridoni alitoa sigara, akakumbuka alipo, akairudisha. Alishuka hadi mlangoni, na hapo pia palikuwa na alama ya kukataza. Akatembea mpaka nje ya uzio, kwenye kituo cha basi, na hapo upepo ukamzimia njiti tatu kabla sigara haijashika.

Baada ya upasuaji daktari alisema jicho litabaki mahali pake lakini halitaona. Alisema kwa upole, kisha akarudia polepole ili aeleweke, na ule upole ndio uliomliza Heshima. Hortense hakulia. Labda dawa za usingizi zilikuwa bado hazijamtoka.

"Kwa nini ulisema nimeteleza?" alimwuliza walipokuwa ndani ya teksi.

"Nilichanganyikiwa."

"Hukuchanganyikiwa. Ulikuwa umetulia kabisa."

*

Wamuyu alikuwa amewaita polisi yeye mwenyewe. Walimchukua Désiré, wakamhoji, wakamwachia asubiri kesi nyumbani. Hapo ndipo simu zilipoanza. Mchungaji alipiga. Mzee wa jumuiya ya Hagsätra, kitongoji kingine, alipiga. Dorothée, dada yao aliyebaki nyumbani Uvira, alipiga akilia, na simu ikakatika kabla hajasema analilia nini. Wengine wote walikuwa na neno moja: mambo ya damu huzikwa nyumbani, hayapelekwi kwa wazungu. Polisi walikwishaeleza kwamba kesi sasa ni ya serikali na Hortense hawezi kuifuta hata akitaka, lakini wazee hawakuamini. Mwanamke akisema aliteleza, walimwambia Heshima, serikali itashtaki sakafu?

Hortense alirudi kazini na bandeji. Wamuyu alimkumbatia, akampa maua yaliyofungwa vizuri, kisha akamwomba akae nyumbani kwanza mpaka uso upone. "Si mimi, dada. Ni wateja. Mtu anakula, anakuona, anaweka kijiko chini." Kanisani wanawake walimsalimu kwa ncha za vidole. Mmoja alimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba hata yeye angempiga mtu aliyemzimia sigara ndani ya chai.

Kisha Désiré akatuma neno kupitia kwa mkewe, Laurentine. Hortense aje nyumbani kwake Jumamosi. Aombe samahani mbele ya wanaume wale walioona akiaibishwa. Akishaomba, yeye naye ataangalia.

"Ataangalia nini?" Heshima aliuliza kwenye simu.

"Sijui, baba," Laurentine akajibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama karibu na anayemsikiliza. "Ndivyo alivyosema. Ataangalia."

Heshima alikwenda kuvuta kwenye roshani, mlango ameufunga nyuma yake. Jirani wa chini akagonga bomba kwa kitu cha chuma, kama alivyogonga kila moshi ulipomfikia. Heshima akaizima sigara haijafika nusu. Alirudi ndani akiinusa mikono yake, akamkuta Hortense sakafuni akimsuka Arielle, binti yao wa miaka tisa. Alikuwa amegeuza kichwa upande ili jicho zima lione mistari ya nywele.

Akampa ule ujumbe. Alikuwa amejiandaa kubembeleza.

"Nitakwenda," Hortense akasema.

"Kweli?"

"Nimesema nitakwenda, Papa Arielle. Usiniulize mara mbili."

Heshima alifurahi. Alifurahi hata akaingia jikoni kuchemsha chai akipiga mluzi, na baadaye, kati ya yote aliyoyafanya, mluzi ule ndio uliomrudia akiwa peke yake na kumchoma.

*

Nyumba ya Désiré ilikuwa ghorofa ya tano, jengo la tatu kutoka kwao. Mtoto hawakuwa na wa kumwachia. Mlangoni Arielle alishika koti la mama yake. "Jag vill inte gå in," alisema, kwa Kiswidi, kama alivyojibu kila jambo: hataki kuingia. Laurentine akamchukua kwa mkono, akamketisha kwenye kibao cha viatu koridoni, akampa biskuti.

Sebuleni wanaume sita walikuwa wamekaa kuzunguka meza ya kioo, madirisha yamefungwa, moshi umetanda hadi usawa wa mapazia. Hapa hakuna sheria iliyofika. Désiré alikaa kwenye kiti kikubwa, goti bovu limenyooshwa juu ya stuli. Hakumkaribisha Hortense kuketi, na hakuna aliyempisha. Heshima akasimama nyuma ya mkewe, karibu na mlango.

"Tunakusikiliza," Désiré akasema.

Hortense alivua kitambaa kilichofunika upande wa uso. Bandeji ilikuwa imekwishatolewa. Kovu lilikuwa bado jekundu, na jicho lenyewe lilikuwa jeupe, limetulia, halimtazami mtu. Mzee mmoja akageukia ukuta.

"Nimekuja ili mniangalie," alisema. "Mlikuwepo. Wewe ulikuwepo, na wewe. Polisi wamewauliza, mkasema hamkuona. Basi oneni leo. Mimi niliandikisha nilivyopigwa, na mahakamani nitasema hivyohivyo, sitapunguza na sitaongeza. Sikuja kuomba samahani. Nilimwomba shemeji kwa adabu atoke nje, nikamweleza kuwa ni sheria. Kosa langu ni chai, nami niko tayari kumlipa chai."

Mtu angeweza kusikia mtoto akitafuna biskuti koridoni.

Désiré alivuta sigara yake, akaupuliza moshi taratibu kuelekea uso wa Hortense. Hortense hakurudi nyuma. Alikohoa mara moja, akabaki alipokuwa.

"Heshima," Désiré akasema, bila kupandisha sauti. "Mfundishe mkeo. Sasa hivi, hapa, tukiona. Mpige kofi moja tu, na mimi nitajua bado nina mdogo wangu."

"Kaka..."

"Moja tu. Hata polepole."

Heshima akasogea mbele. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na tangu apate akili hakuwahi kuikataa sauti ile. Mkono wake ukainuka. Mpaka leo hawezi kuapa kwamba alijua utaangukia wapi. Hortense aliuona ukiinuka, akafumba jicho lake moja.

Ulimwangukia Désiré. Ulimpata mdomoni, na sigara ikapondeka juu ya midomo, ikiwaka. Désiré akarudi nyuma pamoja na kiti. Heshima akaruka meza na kumfuata chini, akampiga kwa ngumi ya kulia, ya kushoto, ya kulia, akiwa amemkalia kifuani, na kila ngumi ilikuwa na neno lake lakini maneno yenyewe hayakutoka, ilitoka milio tu. Meno yalivunjika. Mzee mmoja alimshika shati, likachanika. Mkono wake ukakutana na kisahani cha majivu, kizito, cha jiwe, akakishusha kwenye taya la kaka yake, na taya likalia kama ubao mbichi unaopasuliwa. Majivu yakaruka, yakawaingia wote machoni. Alikiinua tena.

"Acha!" Hortense alikuwa amemning'inia mkononi. "Heshima, acha! Sikukuomba! Sikukuomba hivi!"

Heshima hakumjua ni nani. Aliusukuma ule uzito kwa kiwiko, kwa nguvu zote, nao ukaondoka. Hortense alirushwa hadi mlangoni, kisogo kikagonga fremu, akaanguka kwenye viatu, miguuni mwa binti yake.

Ni mlio wa Arielle uliomfikia Heshima. Mlio ule haukuwa Kiswahili wala Kiswidi. Aligeuka, kisahani bado mkononi, akamwona mtoto amesimama juu ya kibao, mgongo ameugandamiza ukutani, macho yamemkazia yeye. Hakumwangalia mama yake aliyelala chini. Alimwangalia baba yake.

Désiré alikoroma chini, akameza damu. Zulia lilikuwa limeanza kuungua pale sigara ilipoangukia, na Laurentine akaingia na sufuria ya maji, akaimwaga, akabaki ameishika.

"Piga simu," alimwambia mzee aliyekuwa karibu, au alimwambia yeyote. Kisha akapiga mwenyewe.

*

Ndugu wote wawili walifungwa, kila mmoja kwa kesi yake. Désiré alifungwa kwa ajili ya jicho, Heshima kwa ajili ya taya. Mahakamani Hortense alitoa ushahidi katika kesi zote mbili, na mara zote mbili alisema alichokiona, hakupunguza wala hakuongeza. Mwendesha mashtaka alipomwuliza kama mumewe alimpiga kwa kukusudia, alijibu: "Hakunijua. Lakini aliyepigwa ni mimi."

Fittja yote ilizungumzia wale ndugu wawili. Wengine walimlaumu Heshima, wengine walimsifu kimyakimya kwamba hatimaye amekuwa mwanamume. Jicho la Hortense likawa mwanzo tu wa hadithi, kitu kinachotajwa upesi ili msimulizi afike kwenye ngumi. Kwa Wamuyu alirudi kazini msimu wa kuchipua. Wanaume walioingia walitoa sigara, wakamwona, wakazirudisha mfukoni na kutoka bila kuambiwa. Hakujua kama ni sheria wanayoiogopa au uso wake, na hakuuliza.

Heshima alitoka gerezani majira ya joto. Hakurudi nyumbani, kwa kuwa Hortense alikwishamwambia kwa simu kwamba haitawezekana. Alihamia Akalla, upande wa pili wa jiji, kwa Okech, Mjaluo aliyesafisha mabasi pamoja naye, akalala kwenye kochi. Jumamosi moja Hortense akamruhusu kuja kula.

Alikuwa ameiwaza siku ile muda wote wa kifungo. Alikuja amenyoa ndevu, na mkononi amebeba matunda. Hortense alifungua mlango, akayapokea, akamshukuru kama mgeni.

"Watu wanasema nilikutetea," Heshima alisema Arielle alipokuwa bado chumbani kwake. Hakujua kwa nini alianza na hayo.

"Nimewasikia."

"Na wewe wasemaje?"

Hortense alikuwa akipakua sombe, mboga ya majani ya muhogo. Akaweka mwiko chini. "Siku ya kunitetea ilikuwa pale mkahawani, na silaha yake ilikuwa neno. Siku ile nyingine nilikuwa nimeshajitetea mwenyewe. Nilikuwa nimesimama, wamenyamaza, wananisikiliza. Wazee sita, Heshima. Maisha yangu yote hawajawahi kunisikiliza. Ukaja ukaniziba kwa ngumi."

Heshima akaketi alipooneshwa.

Arielle alikuja mezani, akachagua kiti cha mbali. Alikuwa amerefuka. Heshima alimwuliza habari za shule, naye akajibu kwa Kiswidi, maneno mawili, matatu, macho kwenye sahani. Walikula. Madirisha yalikuwa wazi, na watoto walisikika wakicheza mpira huko chini. Kwa muda kidogo ilikuwa kama nyumba ya watu.

Bakuli la bugali, ugali wa kwao, lilikuwa upande wa Arielle. Heshima akainua mkono kulifikia.

Mtoto akajikinga uso. Mikono yote miwili ilipanda kwa pamoja, viwiko mbele, uma ukaruka na kuanguka sakafuni. Akabaki hivyo, amejikunja, pumzi ameibana. Mkono wa Heshima ukasimama hewani. Akaushusha polepole hadi mapajani, mahali ambapo mtoto hawezi kuuona, lakini Arielle hakufunua uso.

"Förlåt," akanong'ona nyuma ya viwiko vyake. "Förlåt, pappa."

Alikuwa akiomba samahani.

"Si wewe," Heshima akasema. "Si wewe, mama. Ni mimi ndiye..." Akamgeukia mkewe amsaidie, kama alivyozoea kila maneno yalipokuwa mazito. Hortense alikuwa akimtazama kwa jicho lake moja, mikono ameikunja juu ya meza, na hakumpa neno hata moja.

"Malizia," akamwambia. "Mtoto anasubiri."

Akamalizia. Alilisema vibaya, nusu Kiswahili, nusu Kiswidi chake cha karakana ya mabasi, akirudi nyuma na kuanza upya. Alitaja bilauri, na kwamba aliketi alipoambiwa aketi. Alitaja kisahani cha majivu. Alitaja mama aliyeanguka kwenye viatu, na nani aliyemwangusha. Arielle alisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa bado usoni. Kisha akashusha mmoja.